Kamera Iliyokuja Kulisha Nyumba

Wapendwa, miaka mingi niliwapiga picha za ubatizo bure, mama watoto akinuna, na haki alikuwa nayo: karo ilikuwa inadaiwa. Siku moja nikapita Zanzibar, Capital Art Studio, ile aliyofungua Ranchhod Oza mwaka 1930, baadaye akaishika mwanawe Rohit. Nikakuta picha za zamani bado zinauzwa!

Niliporudi nikamkabidhi mama watoto daftari la pesa. Binti anasafisha picha kwenye kompyuta, kijana anabeba taa. Mimi? Kazi yangu kubonyeza tu, na kutoa punguzo nimekatazwa.

Juzi mjane mmoja, wa ng'ambo ya mpaka, aliomba picha ya marehemu. Negativu tulikuwa nayo. Hiyo, mama watoto mwenyewe akasema, hailipiwi.