Wale wanaofanya kazi wakae mezani: maneno yetu juu ya masomo ya utawala

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi



Wengi wetu tunaosimama hapa tulisoma sayansi ya siasa na utawala. Miaka mitano. Wazazi walilipa minervali kwa pesa ya makala, ya unga, ya mukate wa asubuhi. Tulitetea memware, tukavaa toga, tukapiga picha. Leo diploma iko ndani ya plastiki, chini ya kitanda, na sisi tuko kwenye artikle 15 kama kila mtu: huyu anauza vokosheni za simu, huyu anaendesha moto, huyu anafundisha watoto wa jirani jioni.

Hatukuja kulia juu ya kazi. Kwamba kazi hakuna, mnajua. Leo tunataka kuuliza swali lingine, na linatuchoma sisi wenyewe: kama kesho asubuhi serikali ingetuita, tungejua kuifanya ile kazi? Tulijiuliza kati yetu, bila kudanganyana. Jibu ni: si sana.

Tuwaambie habari moja. Wawili kati yetu walifanya staji katika ofisi moja ya komini. Hatuitaji jina. Siku moja akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto wa miezi miwili, anataka kumuandikisha. Wakala akamwambia: "Mama, ile fomu iko na bei yake." Mama akageuka, akatuangalia sisi wa mashati meupe, akauliza: "Bana bangu, beye balisoma. Ni kweli?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tumesoma Max Weber na urasimu wake, tukapata 14 kwa 20. Lakini hatukujua kwamba Kanuni ya Jamaa, tangu ilipogeuzwa mwaka wa 2016, inampa mzazi siku 90 za kutangaza mtoto aliyezaliwa, na kwamba ndani ya zile siku hapaswi kulipa kitu. Tulikuja kujua ile jioni, kwenye simu. Mama alikuwa amekwisha kulipa matabishi na kurudi kwake.

Ile aibu ndiyo imetuleta hapa.

Tujiulize basi: nani anaamua tunachosoma? Profesa anaandika silabusi. Asistanti anaisoma. Sisi tunainunua, maana ukiikosa, mtihani utakuona. Katika ile njia yote hakuna hata mara moja ambapo mtu anayeshika rejista ya komini, anayetengeneza bajeti ya jimbo, anayepokea faili za walimu, anaulizwa: "Vijana tunaowatuma kwenu, wanakosa nini?" Staji ndiyo ilipaswa kuwa daraja. Lakini mnajua staji yetu ilivyo: mwezi mmoja, unatumwa kununua maji na kupiga fotokopi, mwisho unanakili ripoti ya mkubwa wako wa mwaka uliopita, unabadilisha jina na tarehe. Profesa anaweka pointi. Ofisi inapiga muhuri. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Hatuwatupii waprofesa lawama yote. Wengi wao hawakufanya kazi ya ofisi hata siku moja, maana walitoka darasani wakarudi darasani. Huwezi kufundisha kitu ambacho hujakigusa. Ni juu ya hiyo tunadai baraza la washauri.

Baraza la washauri ni kitu gani? Ni kikundi cha watu wanaofanya ile kazi ambayo kitivo kinaifundisha. Wanakaa pamoja na waprofesa mara mbili au tatu kwa mwaka. Hawaongozi kitivo, hawatoi diploma, hawasahihishi mtihani. Wanashauri. Ila ushauri wao unaandikwa, na kitivo kinapaswa kujibu: hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hii.

Si ndoto. Ufaransa, agizo la mwaka wa 2014 linataka masomo ya iniversite yawe na baraza la kuyaboresha, na ndani yake waketi walimu, wanafunzi na watu wa kazi. Marekani, vitivo vinavyofundisha utawala wa umma viko na shirika lao, NASPAA, lililoundwa mwaka wa 1970. Ndilo linalopima masomo ya master, na moja ya maswali yake ni kama wadau wa nje wanashiriki kuamua masomo yanaelekea wapi. Kwa hiyo vitivo vingi viko na baraza la washauri: mkurugenzi wa mji, mkuu wa shirika la kusaidia watu, mtu wa bajeti, wanafunzi wa zamani. Kule Kansas, masomo ya kuongoza miji yalianza mwaka wa 1948 yakiwa na mpango mmoja rahisi: baada ya darasa, mwanafunzi anakwenda kufanya kazi ndani ya ofisi ya mji. Waliomaliza wakatawanyika katika miji mingi, nao wakawa wanapokea wadogo wao. Mlango ulifunguliwa na wale waliokwisha kuingia.

Lile baraza linasaidia nini hasa? Tunaona mambo manne.

La kwanza ni masomo yenyewe. Mtu wa état civil atasema: "Kila mwaka wananiletea vijana wasiojua kuandika akte." Mtu wa pesa atasema: "Wanajua neno bajeti, hawajui kusoma mstari wa bajeti." Profesa akisikia vile mara tatu, atageuza silabusi. Na wakati wake ni huu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 iniversite zetu zimeingia katika mfumo wa LMD, na ule mfumo unataka kila somo liseme mwanafunzi atajua kufanya nini akilimaliza. Nani atajibu vizuri kama si yule anayefanya? Tukijaza zile karatasi za LMD sisi kwa sisi ndani ya kitivo, tutakuwa tumebadilisha majina ya masomo tu.

La pili ni staji. Mshauri aliye na ofisi anaweza kukubali wanafunzi watatu kwa kazi inayojulikana: kupanga upya rejista za mwaka mmoja, kuhesabu watoto wasioandikishwa katika kartie moja, kufuata faili moja kutoka mlango hadi sahihi ya mwisho. Pale hutaweza kunakili ripoti ya mwenzako.

La tatu ni kuja darasani. Hatusemi kila wiki. Saa mbili tu, na faili halisi iliyofutwa majina: "Hii ndiyo barua niliyopokea, hawa ndio wakubwa walionipigia simu, wewe ungefanya nini?" Hapo ndipo mwanafunzi anajifunza kukataa madesu ya bana kabla hajawekewa mezani. Na siku ya kutetea memware, mmoja wao akae kwenye juri, aulize swali la kazi.

La nne ni ukweli juu ya wanaomaliza. Tuko wangapi tuliotoka? Wako wapi leo? Tuliotoka pamoja, hakuna aliyetuuliza. Baraza likitaka ile hesabu kila mwaka, kitivo kitalazimika kutafuta wanafunzi wake wa zamani, na sisi tutaacha kuwa watu waliopotea.

Hapa Lubumbashi tuko na sababu ya kusema hivi kwa sauti. Mwaka wa 1960 inchi ilipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa na diploma ya iniversite hawakufika 30, na katika vyeo vya juu vya utawala wetu walihesabika kwa vidole. Ndiyo maana ilianzishwa haraka ENDA, shule ya taifa ya sheria na utawala, kule Léopoldville, ili kutayarisha watu wa kushika ofisi zilizoachwa tupu. Ile shule ilikuwa karibu na kazi kwa sababu inchi ilikuwa inaingoja. Kisha ikaja reforme ya 1971. Iniversite zote zikawekwa chini ya jina moja, UNAZA, ENDA ikamezwa mle ndani, na sayansi za jamii, siasa na utawala zikaletwa kwenye kampusi ya hapa kwetu. Somo likawa somo la iniversite kama mengine. Ilichukua hadi mwaka wa 2013 serikali iunde tena shule ya utawala, ENA, kule Kinshasa, ambayo unaingia kwa konkuru. Ni jambo jema. Lakini ENA inachukua watu wachache, na iko mbali. Vijana wengi wa inchi hii watasoma utawala katika iniversite ya mji wao. Kama iniversite hazikurudi karibu na kazi, shule moja haitatosha.

Sasa tunajua mtatuuliza. Mzee mmoja alikwisha kutuuliza: "Wanangu, mkifungua mlango, wataingia wanasiasa. Baraza litakuwa la wakubwa, watakula perdiem, watapitisha watoto wa ndugu zao." Mzee ana haki. Tunaijua inchi yetu. Baraza la majina makubwa ni baya kuliko kukosa baraza, kwa sababu linatupa muhuri juu ya uongo.

Kwa hiyo tunaweka masharti. Asikae mule mbunge, wala waziri, wala kiongozi wa chama. Wakae watu wa katikati: mkuu wa ofisi, mhasibu, mshika rejista, muuguzi mkuu anayeongoza kituo cha afya, mtu wa shirika linalosaidia wananchi. Wakae pia wawili waliomaliza bila kupata kazi, maana wao ndio wanaojua diploma inavunjikia wapi. Akae mwananchi anayepanga foleni, mama wa soko au mwakilishi wa wazazi. Muda wao uwe miaka miwili, kisha watoke. Wasilipwe zaidi ya nauli. Na mshauri asipendekeze mtu kwa kazi kupitia baraza. Kazi ya serikali ipatikane kwa konkuru, kama statuti ya mwaka wa 2016 ya wafanyakazi wa serikali inavyotaka.

Kuna watu wengine tunaowaomba kwa heshima: wazee wetu wa ofisi waliopitisha miaka ya kustaafu na bado wako kazini, kwa sababu wakitoka hawana uhakika wa kupewa haki zao. Siku hizi vijana tunawasema vibaya: "Watoke, tuingie." Lakini ndani ya vichwa vyao mna kazi yote ambayo haikuandikwa popote: faili inapita wapi, sheria gani iligeuza gani, kosa gani la zamani linarudi kila mara. Wakitoka bila kulipwa na bila kuulizwa, tunapoteza mara mbili. Tunadai walipwe. Na tunadai, kabla hawajatoka, wakae na wanafunzi.

Tuseme pia baraza halitafanya nini. Halitaleta kazi. Halitalipa wale wanaofanya kazi miaka bila matrikule wala mshahara. Hayo ni deni la serikali, na tutaendelea kuyadai. Baraza litafanya jambo moja tu: siku mlango utakapofunguka, anayeingia awe anajua kumhudumia mtu.

Basi, madai yetu ni haya:

1. Kila kitivo kinachofundisha utawala kiunde baraza la washauri kabla ya mwaka wa masomo ujao, na majina yao yabandikwe ukutani.
2. Kila mkutano uandikwe, na maandishi yake yasomwe na wanafunzi wote.
3. Hakuna staji bila kazi iliyoandikwa na mtu mmoja wa ofisi anayeijibia. Na mwanafunzi asilipe kitu ili apewe karatasi ya staji.
4. Kitivo kitangaze kila mwaka hesabu ya waliomaliza na mahali walipo.

Na sisi? Hatuwezi kudai tu. Kuanzia wiki hii tunaanza kuwatafuta wenzetu wa promosheni zote tunazoweza kufikia. Kila mmoja ataandika mambo matatu aliyoyakuta kazini au kwenye staji bila kufundishwa. Tutayakusanya, tutampelekea dekani mkononi, kwa adabu, na tutaomba tarehe ya jibu. Ikipita bila jibu, tutarudi, tukiwa wengi zaidi.

Yule mama alituuliza swali rahisi: ni kweli, ao si kweli? Mtoto wake atakuwa anatembea sasa. Hatujui kama alikwisha kupata akte yake. Tunachokijua ni kwamba mama mwingine ataingia kesho katika ofisi nyingine, atamkuta kijana mwingine wa shati jeupe, na atamuuliza vilevile. Tunataka yule kijana aweze kujibu.