Nyoka Wenye Sumu Kandokando ya Nyumba: Jiwe Jeusi, Kamba na Saa Zinazopotea Lubumbashi

1. Utangulizi

Septemba ikifika Lubumbashi, joto hupanda, majani makavu huchomwa, tanuri za matofali huwa bado zinafuka moshi, na wenye mashamba pembezoni mwa mji huanza kulima wakisubiri mvua ya Novemba. Watu na nyoka hukutana zaidi katika majira haya na katika miezi ya mvua inayofuata. Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya wauguzi, walimu na wakuu wa kartye (mitaa). Waandaaji waliomba ieleze namna ya kuishi salama jirani na nyoka wenye sumu. Itafanya hivyo kwa ufupi, kisha itakaa kwa kirefu kwenye jambo linaloua zaidi: muda unaopotea kati ya kuumwa na kufika hospitali.

2. Nyoka wanaohusika

Makundi ya nyoka wetu yanajulikana, kwa hiyo yatatajwa haraka. Moma, anayeitwa pia bafe au kifutu, ni mnene na mvivu wa kukimbia. Hulala njiani akakanyagwa. Sumu yake huvimbisha kiungo na kuozesha nyama. Koboko na baadhi ya fira hupooza mwili: kope huanguka, mate hayamezeki, mwisho pumzi hukatika. Swila mtema mate hulenga macho, na akiuma huozesha ngozi. Nyoka wa kijani wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye vitabu humwita boomslang, huifanya damu ishindwe kuganda. Yupo pia nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya ardhi, Atractaspis, anayeweza kuchoma kwa jino la pembeni hata akiwa ameshikwa nyuma ya kichwa. Huyo hana seramu ya kutibu sumu yake.

Elimu hii si ngeni kwetu. Msafara wa Gaston-François de Witte ulikusanya wanyama watambaao wa Upemba kati ya mwaka 1946 na 1949, na mwaka 2004 Broadley na Cotterill waliandika kwamba kusini-mashariki mwa Katanga kuna utajiri mkubwa wa wanyama hao ambao ulikuwa umepuuzwa.

3. Kwa nini wanafika uani

Mji umejengwa ndani ya pori la miombo, juu ya ardhi yenye vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Mashimo ya vichuguu ni maskani ya nyoka. Udongo wake unafaa kwa matofali, hivyo kichuguu kinapovunjwa ili tofali zifyatuliwe, nyoka huhamia kwenye rundo la tofali lililo karibu. Miti nayo hukatwa kwa ajili ya makala (mkaa), na pori la nyoka linapungua. Katika nyumba, mahindi yaliyohifadhiwa kwa ajili ya bukari (ugali) huita panya, na panya humwita nyoka. Mlango ukiwa na uwazi chini, njia imeshafunguliwa.

Kinga yake basi si siri: majani yafyekwe, tofali na kuni zikae mbali na ukuta, mahindi yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, uwazi wa mlango uzibwe, na mtu asitoke usiku bila viatu na tochi. Chandarua cha malaria kikichomekwa vizuri chini ya godoro humzuia pia swila anayeingia usiku kutafuta panya na kumuuma aliyelala sakafuni.

4. Tatizo lenyewe: jiwe jeusi na kamba

Mtu akishaumwa, mambo matatu hufanyika katika nyumba nyingi kabla ya mtu yeyote kutaja hospitali. Kamba hufungwa juu ya jeraha. Wembe huchanja ngozi. Kisha linatafutwa jiwe jeusi.

Jiwe jeusi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa hadi kikawa cheusi. Kongo nzima inalijua, na Mapadri Weupe walichangia sana kulisambaza, jambo linaloeleza kwa nini linaheshimiwa hata na watu wasiokwenda kwa mganga. Likiwekwa kwenye jeraha lenye damu hunata, kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vinavyofyonza unyevu. Linapoanguka, familia husema sumu imekwisha. Majaribio yaliyofanywa kwa panya wa maabara hayakuonyesha kwamba linaokoa. Sumu huwa imeshaingia ndani ya nyama na kusambaa. Jiwe linakunywa damu ya juu tu.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanaliamini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaopata madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Wengine wote wameumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Nusu au zaidi ya wanaowekewa jiwe wangepona hata kama wangewekewa kipande cha kaa. Ushuhuda wao ni wa kweli: waliumwa, waliwekewa jiwe, wamepona. Yule aliyekufa hana wa kumsimulia, na kifo chake huitwa uchawi.

Kamba ina hatari zaidi. Mguu ulioumwa na moma tayari unavimba, na ukifungwa damu haipiti, nyama inakufa, na daktari anabaki kukata. Ikifunguliwa ghafla, sumu iliyozuiwa hukimbilia mwilini kwa pamoja. Wembe nao huacha vidonda ambavyo, damu ikiwa haigandi, havikauki.

Baya kuliko yote ni kusubiri. Mfano wake mkubwa unahusu mtu aliyewajua nyoka wa Kongo kuliko wengi wetu. Karl Patterson Schmidt, Mmarekani aliyeandika kuhusu wanyama watambaao wa Kongo ya Wabelgiji tangu mwaka 1919, aling'atwa na boomslang mchanga huko Chicago tarehe 25 Septemba 1957. Jino moja tu ndilo lililozama vizuri, na hakuona kuwa ni jambo la kuhatarisha maisha. Aliandika dalili zake: homa, damu kwenye fizi. Asubuhi alijisikia nafuu. Siku hiyohiyo, tarehe 26, alifariki. Kama bingwa wa dunia alidanganywa na nafuu ya asubuhi moja, mama wa Katuba au mfyatua tofali wa Kasungami, hapa hapa Lubumbashi, atajuaje kwamba utulivu wa saa chache si kupona?

Semina hii haikuitishwa ili kuwashtaki waganga wala wazee, na mada hii haitafanya hivyo. Wao huwa karibu, mlango wao haufungwi usiku, na mgonjwa hufika kwao kwanza. Lakini ni lazima isemwe bila kuzunguka: ujumbe huu umerudiwa kwa miaka katika mikutano ya namna hii, na bado wagonjwa wanaletwa hospitali kamba ikiwa mguuni.

5. Kufika peke yake hakutoshi

Mwenye kuwahi anastahili kukuta dawa. Seramu ya Fav-Afrique, iliyotegemewa na sehemu kubwa ya bara, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Iliyobaki karibu nasi hutengenezwa Afrika Kusini. Inafaa kwa moma, koboko na fira kadhaa, lakini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na uzalishaji wake umewahi kuyumba. Boomslang ana seramu yake pekee.

Seramu ya bei nafuu isiyolingana na nyoka wa mahali ni hatari pia. Ghana ilipobadilisha seramu, vifo hospitalini vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Mnunuzi wa Haut-Katanga asiulize bei kabla hajasoma majina ya nyoka kwenye karatasi ya dawa.

6. Mapendekezo

(a) Kamba, wembe na jiwe jeusi viachwe katika kila nyumba. Ujumbe huu utolewe shuleni, kanisani, msikitini na redioni kabla ya mvua.

(b) Aliyeumwa avuliwe pete na viatu, kiungo kitulizwe kwa ubao au kitambaa, asitembee, apelekwe mara moja kwa gari au pikipiki. Akitapika alazwe ubavu.

(c) Aliyetemewa mate ya swila aoshwe macho kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

(d) Nyoka asikamatwe wala kufukuzwa. Picha ya simu ikipatikana kwa mbali, inatosha.

(e) Waganga na wazee waalikwe katika mafunzo, waombwe kumpeleka mgonjwa hospitali bila kumtibu kwanza.

(f) Kila mkuu wa kartye ajue hospitali yenye seramu wiki hiyo, na namba ya kupiga.

(g) Kituo cha afya kiwe na chupa safi ya kioo kwa kipimo cha dakika 20: damu kidogo iachwe itulie, na isipoganda, sumu imefika kwenye damu.

(h) Mgonjwa asiye na dalili aangaliwe saa 24 asirudishwe nyumbani mapema. Kisa cha Schmidt kitoshe kuwa somo.

(i) Seramu inunuliwe kwa kufuata nyoka wa Katanga, ihifadhiwe kwenye baridi, na itolewe mahali penye adrenalini. Mtoto apewe kipimo kilekile cha mtu mzima.

(j) Kila kisa kiandikwe: mahali, saa ya kuumwa, saa ya kufika, na kilichofanywa njiani.

(k) Kwa mara nyingine: kamba, wembe na jiwe jeusi viachwe.

7. Hitimisho

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lubumbashi haiwezi kulifikia lengo hilo kwa maazimio. Washiriki wanaombwa waanze na pendekezo la (f) na la (j), kwa kuwa hayahitaji bajeti, na waanze kabla mvua ya kwanza haijanyesha.