Kidole Kimoja Hakivunji Chawa
Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na kompyuta, Junda, Kisauni



Ng'ambo ya maji haya ni Tudor, kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza miaka ya 1940 kama taasisi ya ufundi ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili.

Lakini shahada pekee haitoshi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Wahandisi, kisha hupata uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Wa kukushika mkono utampata wapi? Mwenye baba bandarini ana wa kumpigia simu. Mtoto wa muuza samaki hana.

Hapo ndipo chama kina faida. Taasisi ya Wahandisi wa Kenya hupokea wanafunzi kuwa wanachama. Jiunge ungali darasani, ufahamiane na waliokutangulia. Wa kompyuta, bodi hiyo haiwahusu. Undeni kikundi, mkosoane, mtengeneze programu ambayo tajiri ataiona ikifanya kazi.

Nanyi wazazi, kabla ya kulipa karo ya shahada ya uhandisi, ulizeni: je, kozi hii imeidhinishwa na Bodi? Swali hilo ni la bure. Kutouliza ni ghali.