KIFUA KIBOVU NA MAJIRA YA BARIDI
(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa karakana mbele ya mkutano wa tawi)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya wenzetu wenye maradhi ya mapafu yasiyokwisha. Sote twawafahamu. Ni yule apandaye ngazi ya daraja akasimama katikati. Ni yule akohoaye alfajiri hata watoto wa landi wakajua kumekucha. Wengine walivuta sigara miaka mingi, wengine wamekula vumbi la kokoto na moshi wa kuchomelea vyuma, wengine walipona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu.

Twasema leo kwa kuwa baridi yakaribia. Toka Juni hata Agosti, Nairobi na Limuru hukaa chini ya mawingu. Na kule Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, usiku hukata masikio. Mtu mwenye afya akishikwa na mafua hupenga kamasi siku chache, yakaisha. Lakini njia za pumzi za mgonjwa wetu zimekwisha kuwa nyembamba. Homa ya mafua ikiingia, zavimba na kujaa makohozi, kama reli ya njia moja iliyoangukiwa na udongo. Hata akipona, pengine hairudii pumzi yote aliyokuwa nayo.

Basi afanyeje?

Kwanza, achanjwe homa ya mafua kila mwaka, maana virusi vyake hugeuka. Asingoje baridi ianze, kwani mwili wataka kama wiki mbili kujenga kinga. Aulize pia chanjo ya nimonia.

Pili, dawa ya kuvuta aliyoandikiwa ya kila siku asiiache siku ajisikiapo vizuri. Amwombe muuguzi amtazame akiivuta, kwa kuwa wengi huipuliza ikaishia kooni.

Tatu, asilale na jiko la makaa chumbani. Vyumba vyetu ni vidogo na baridi ni kali, twajua. Lakini moshi huzidisha ugonjwa, na ile hewa ya sumu ya makaa, isiyo na harufu, huua hata mtu mzima wa afya. Afadhali blanketi la pili. Na sigara aiache kabisa.

Nne, anawe mikono kwa sabuni, na atokapo alfajiri afunike pua na mdomo kwa skafu. Pumzi ikikatika, aketi, aegemee mbele, avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji.

Tano, makohozi yakizidi au yakigeuka rangi, au pumzi ikiwa fupi kuliko desturi yake, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Asijinunulie vidonge dukani. Dawa ya kuua bakteria haiui virusi vya mafua. Midomo ikigeuka buluu, au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa usiku wa manane.

Ndugu, hayo ni ya mgonjwa. Sasa yetu sisi. Mgonjwa aweza kutii yote, kisha mwenzake akaja zamu na homa, akakohoa katika chumba cha chai madirisha yamefungwa. Huyo naye tusimlaumu upesi, kwani aogopa kukatwa mshahara. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo apate, kila miezi 12, siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Hiyo ni haki, si hisani ya msimamizi.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Wawakilishi wamwendee msimamizi kabla ya Juni, ili mwenye kifua kibovu aondolewe penye moshi na vumbi bila kupunguziwa cheo wala mshahara. Madirisha ya chumba cha chai yafunguliwe. Na mwenye kuvaa barakoa asichekwe, kwa maana mtu huficha ugonjwa wake penye kicheko, na aufichaye huchelewa kutibiwa.

Umoja ni nguvu.