Vita, Uasi na Kivutio: Msamiati wa Utalii wa Urithi Songea

Kumbukumbu za Maji Maji mjini Songea, mji wenye jina la Nduna Songea Mbano, zimeingia katika utalii. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 2023 akaomba msamaha, na habari zake zikaenea ng'ambo. Kadiri wageni wanavyoongezeka, ndivyo maneno wanayopokewa nayo yanavyozidi kuwa na uzito.

Baadhi ya maandishi huyaita mapambano ya 1905–1907 "uasi", kwa kufuata neno Aufstand la Wajerumani. Kuasi ni kukana utii unaostahiki: mwana humwasi mzazi, muumini huiasi dini. Wangoni walikuwa na deni gani la utii kwa serikali iliyowajia na bunduki? "Vita" halibebi dhana hiyo. Linahitaji pande mbili tu.

Gumu zaidi ni "kivutio", neno linalopendwa mno maofisini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Wazawa wao hukusanyika hapo kila Februari. Kaburi la babu linamvuta nani, na kwa lipi?

Kiswahili, hata hivyo, hakina upungufu hapa. Tangu zamani mtu huzuru kaburi, na kuzuru kuna adabu yake: salamu, ukimya, dua. Mgeni anayeambiwa kwamba amekuja kuzuru hujua sauti ya kuzungumzia. Vipeperushi vingeweza kulitumia neno hilo bila gharama yoyote.