Shimo la Zamani na Mche Mpya

(Mazungumzo na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Leo sitaongea juu ya daftari la pesa wala uchaguzi wa maofisa. Nataka tuongee juu ya udongo, na juu ya kosa langu mwenyewe.

Kuna kikundi kimoja huku milimani kilichokuwa na shamba la matufaha. Miti ilikuwa imezeeka na kuzaa kidogo. Wakaniuliza shauri. Nikawaambia: ng'oeni, nunueni miche, mashimo yako tayari, mtapunguza jasho. Wakachanga pesa, wakanunua miche sitini. Mwaka ukapita. Miche iliyopandwa kando ya ua, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mti, ilifika kifuani. Ile ya mashimo ya zamani ilibaki magotini. Haikufa, ilidumaa tu.

Basi maneno yakaanza. Mama mmoja ndiye aliyekuwa na kazi ya kumwagilia maji. Wakasema anamwagilia upande wa ua kwa sababu uko karibu na mto, ule mwingine anaupita tu. Mwingine akanong'ona ati ana mkono mbaya. Mama akaacha kuja mikutanoni, na kikundi nusura kivunjike. Lakini mama hakuwa na kosa. Shida ilikuwa ndani ya udongo, na ndani ya shauri langu.

Wakulima wa matufaha wa Marekani, Ujerumani, Afrika Kusini na China wanaijua shida hii. Sisi tuuite ugonjwa wa kupanda tena. Unatokea mti wa tufaha unapopandwa mahali tufaha lingine lilipong'olewa. Ukichimbua mche utaona mizizi michache, imegeuka rangi, ncha zimeoza. Mti unachelewa kuzaa, na hasara inaweza kumfuata mkulima kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba mahindi au maharagwe yanaweza kustawi pale pale. Kwa hiyo usiseme tu kwamba udongo umechoka, ukamwaga mbolea na kungoja. Mbolea peke yake haiondoi chanzo.

Chanzo ni nini? Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina viumbe hai vingi kuliko watu wote wa Kenya. Hatuvioni kwa macho. Viko vinavyolinda mizizi na viko vinavyoila. Kila mmea huvilisha viumbe vya jirani yake kwa maji maji yanayotoka kwenye mizizi. Tufaha likisimama mahali pamoja miaka mingi, linafuga wageni wale wale.

Katika jimbo la Washington, Marekani, mtaalamu Mark Mazzola alichunguza jambo hili. Mwaka 1998 alionyesha kwamba mwizi si mmoja, ni genge. Ndani yake kuna kuvu aina ya Rhizoctonia, pamoja na Pythium na Phytophthora zinazooza mizizi, na mahali pengine minyoo midogo sana inayotoboa mizizi. Tena aliona kwamba kadiri shamba la matufaha linavyozeeka, bakteria fulani wanaowazuia maadui hao wanapungua. Mti mkubwa una mizizi mingi, unavumilia. Lakini mche mchanga unaingia katika nyumba ambamo adui ameshakaa mezani.

Zamani wakulima wakubwa walipiga udongo kwa gesi ya methili bromidi. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Kwa Mkataba wa Montreal, nchi tajiri zilitakiwa kuiacha mwaka 2005, na nchi kama yetu mwaka 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalum. Hata dawa nyingine za namna hiyo hazimalizi kazi. Huko Washington, udongo uliopigwa dawa ulirudia hali yake ya zamani kwa muda wa miaka miwili hivi. Ukifukuza watu wote nyumbani na kuacha mlango wazi, nani atarudi kwanza?

Sasa tufanye nini? Kwanza, pimeni kabla ya kununua miche. Chukueni udongo wa mashimo ya zamani, kina cha futi moja, kutoka sehemu kadhaa, mkauchanganye. Ugaweni mara mbili. Nusu moja ipikwe kwa mvuke: maji kidogo chini ya debe, udongo wenye unyevu juu ya wavu, funikeni. Mvuke ukishapenya wote, acheni nusu saa, halafu upoe kabisa. Nusu ya pili msiipike. Jazeni makopo matano ya kila aina, pandeni miche midogo ya tufaha inayolingana, mwagilieni sawasawa, ngojeni miezi miwili au mitatu. Miche ya udongo uliopikwa ikiipita sana ile mingine, jueni viumbe ndio tatizo. Tofauti ikiwa ndogo msikate shauri, maana moto nao hufungua chakula kidogo cha mmea. Na yote ikidumaa, tafuteni sababu nyingine: uchachu wa udongo, maji, mbolea.

Pili, hameni shimo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, waliona miti iliyopandwa kwenye nafasi ya nyasi kati ya mistari ya zamani inakua vizuri kuliko ile iliyorudishwa kwenye mstari. Hii haina gharama, ni kamba na jembe tu.

Tatu, muulizeni mwenye kitalu mche umebebeshwa juu ya shina gani la chini. Mashina ya Geneva, yaliyotolewa huko New York, mengi yanavumilia ugonjwa huu kuliko lile la M.9 lililozoeleka.

Nne, badilisheni wageni. Mazzola aliona kwamba ngano ya aina fulani ikipandwa kabla ya matufaha hurudisha bakteria walinzi, ingawa si kila aina ya ngano. Mashudu ya haradali za aina mbili yakichanganywa pamoja nayo yalisaidia, na faida yake ilidumu kuliko ya dawa. Lakini angalieni: mashudu ya repu peke yake yalipunguza adui mmoja na kumwongeza mwingine. Tena mashudu yakiwekwa siku ya kupanda yanaunguza mizizi. Jaribuni sehemu ndogo kwanza, pamoja na afisa wa kilimo.

Nimalizie na yule mama. Tulifanya mtihani wa makopo mbele ya wanachama wote. Siku ya kupima kwa rula, miche ya udongo uliopikwa ilikuwa karibu mara mbili ya mingine. Hakuna aliyesema neno. Nikasimama, nikasema shauri lilikuwa langu, nikaomba msamaha. Mwenyekiti naye akaomba. Mama alirudi, lakini mpaka leo kazi ya kumwagilia maji hataki, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mche ukidumaa, chimbueni mizizi kabla ya kumchimba mwenzenu.