Mtoto Akipenda Mchezo, Tusimkatize
(Maneno tuliyowaambia vikundi vya Kehancha)



Mtoto akizama mchezoni, wengi wetu husema, "Wacha upuzi, ng'ombe wanakungoja!" Haya, tumwangalie Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Aliacha shule kwa kukosa karo, akawa anauza mahindi. Alifuata kikombe cha uji kwa mwalimu Robert Katende, akakuta watoto wanacheza sataranji. Alishindwa. Kesho yake akarudi, akashindwa tena, akarudi. Mchezo huo ukamrudisha darasani, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa huko Uturuki.

Sasa tujiulize: kikundi kinachonunua mbuzi, kweli kitashindwa na ubao mmoja na sufuria ya uji?